Nilimpa Ushindi Asiyeshinda

Mama mwenyekiti, akina mama, na akina baba wachache mliojikaza kuja, wanaonisalimu kwa jina la Bwana nawaitikia, na wanaonitakia amani ya Mungu kwa Kiarabu nawaitikia vilevile. Mmeniomba nisimame mara tatu tangu mwaka uanze, na mara tatu nimesema koo linaniuma. Koo halikuwa likiniuma, nilikuwa naogopa. Leo nimesimama. Sauti ikitetemeka iacheni itetemeke, na msinianzishie wimbo kabla sijamaliza. Mkiimba nitalia, na nikilia sitayasema.

Wengi wenu hapa Mowlem mnanijua kwa cherehani. Sare za watoto wenu zimepita mikononi mwangu, na kila Januari mnanitukana kwa simu kwa sababu nimechelewesha. Lakini kuna kazi nyingine niliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja. Nilikuwa jaji wa ndondi.

Naona mnatazamana. Ndiyo, hii ndondi ya kupigana ngumi. Kaka yangu alikuwa bondia, na mimi nikamfuata ukumbini tangu nikiwa msichana, nikimshikia taulo. Yeye aliacha, mimi nikabaki. Kulikuwa na mzee mmoja pale, refa, mwalimu wa watoto wa mtaa. Sitamtaja jina. Nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo sote tulivyomwita. Aliniona nakaa kila Jumamosi nikitazama miguu ya mabondia badala ya mikono. Akaniambia, "Wewe mama una macho ya jaji. Njoo nikufundishe." Akanifundisha, akanipeleka kwenye mtihani, na nilipofaulu alitembea nami kutoka ukumbini hadi nyumbani kwangu kumpa mume wangu habari kwa mdomo wake mwenyewe. Huyo ndiye mtu niliyemwangusha.

Niwaeleze kidogo hiyo kazi, nisije nikawaacha njiani. Ulingo una kona mbili, nyekundu na ya buluu, na kila bondia ana kona yake. Ndani ya ulingo yumo refa, yule mnayemwona kwenye televisheni akiwatenganisha. Nje, kuzunguka ulingo, tunakaa majaji watano. Refa hatoi alama. Sisi ndio tunaotoa. Raundi ikiisha, kila jaji anaandika kwenye kikaratasi ni kona gani imeshinda raundi hiyo, refa anapita, anakusanya karatasi, anapeleka meza kuu. Mwisho mtangazaji anasoma matokeo, na refa anainua mkono wa mshindi. Watu wanaona mkono ulioinua. Mikono iliyoandika hakuna anayeiona.

Sasa, mwaka juzi, Jumamosi moja kabla shule hazijafunguliwa, tulikuwa na fainali za kuchagua wasichana wa timu ya kwenda mashindano ya taifa. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Pambano ambalo kila mtu alilingojea lilikuwa kati ya binti wa Mathare na binti wa timu moja kubwa, ile yenye basi lake na daktari wake. Huyu wa Mathare alikuwa anafua nguo za watu asubuhi na kufanya mazoezi jioni. Alikuja kwa miguu, na nusu ya Mathare ilikuja nyuma yake.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti tangu asubuhi. Nilikunywa chai tu. Na simu, ambayo jaji haruhusiwi kuwa nayo, ilikuwa mapajani mwangu, chini ya leso. Nyinyi wateja wangu mlikuwa mnaniandikia. Sisemi ni kosa lenu. Kosa ni langu. Kabla kengele haijapigwa, mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti kwamba bondia wa kona ya buluu amevaa fulana nyekundu, kwa sababu klabu yake haina nyingine, na kwamba amefungwa utepe wa buluu kiunoni, majaji wazingatie. Ukumbi mzima ulisikia. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa naandika, "Sketi iko tayari, shati bado."

Kengele ikalia. Nikainua macho. Nikaona fulana nyekundu ya binti wa Mathare, ya mwenzake nyeupe tu, nikasema moyoni, huyo wa nyekundu ni kona nyekundu. Mimi fundi, ndugu zangu, mtu wa kuchagua uzi kwa rangi mpaka wateja wananicheka, nilitazama rangi nikakosea.

Na yule binti wa Mathare alipigana! Nawaambia, nimetazama ngumi maisha yangu yote na sijaona binti anapigana vile. Mkono wa kushoto ulikuwa unaingia kama sindano. Raundi ya kwanza ikaisha, nikaandika bila wasiwasi: nyekundu. Mwalimu, ambaye ndiye aliyekuwa refa siku hiyo, akapita akaichukua. Raundi ya pili, binti wa Mathare akainamisha kichwa chini sana mara mbili tatu, Mwalimu akasimamisha mchezo akampa onyo. Lilikuwa onyo la haki. Hata hivyo raundi alishinda. Nikaandika tena: nyekundu. Nikarudi kwenye simu. Mwalimu akafika, akaishika karatasi, na wakati huo ndipo nilipoinua kichwa.

Niliona fulana nyekundu imekaa kwenye kigoda cha kona ya buluu.

Sijui niwaambieje. Mmewahi kushuka ngazi gizani mkadhani kuna ngazi moja zaidi, na haipo? Moyo wangu ulishuka hivyo. Nilikuwa bado nimeishika ile karatasi upande mmoja, na Mwalimu ameishika upande mwingine. Akanitazama. Akaivuta kidogo. Nikaiachilia.

Niliiachilia, akina mama. Kulikuwa na dakika nzima kabla ya raundi ya tatu. Ningeinua mkono tu, msimamizi angekuja, ningesema, "Nimekosea kona," ingeandikwa upya, ningekemewa, basi. Lakini niliwaza kuhusu simu. Wataniuliza kwa nini sikusikia tangazo. Nikabana simu kwa mapaja, nikanyamaza. Nikajiambia majaji wengine wanne wameona vizuri, karatasi zangu hazitabadilisha kitu.

Raundi ya tatu nikaandika buluu. Kisha mtangazaji akasoma: "Mshindi, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kona nyekundu."

Watatu kwa wawili. Kama mimi ningeandika ukweli, ingekuwa watatu kwa wawili upande wa pili. Ni mimi. Katika watu wote wale, ni mimi peke yangu niliyeamua pambano, na niliamua nikiandika habari za shati.

Ukumbi kwanza ulinyamaza. Huo unyamavu ndio ninaousikia mpaka leo. Hata yule aliyetangazwa mshindi hakuruka. Aligeuka kumtazama kocha wake kama anayeuliza, ni mimi kweli? Halafu Mwalimu, kwa sababu ndiyo kazi yake, akainua mkono wa yule binti wa timu kubwa. Basi ukumbi ukapasuka. Viti vikaruka. Chupa zikaruka. Mtu akamtupia Mwalimu kiatu kikampata sikioni. Na binti wa Mathare, uso umelowa machozi na jasho, akamwelekezea yule mzee kidole mbele ya simu za watu na kusema, "Huyu budah ndiye ameniibia. Aliniwekea onyo la uongo, sasa ameniibia. Mwizi!"

Video hiyo ilisambaa. Jumapili ilikuwa imeshafika Tassia, imefika Dandora, imefika kwa binamu yangu huko Nakuru. Waliibandika picha ya Mwalimu akiwa ameinua ule mkono, na chini yake wakaandika bei, eti ndiyo bei aliyonunuliwa. Mzee ambaye hajawahi kunywa soda ya mtu bila kuilipia.

Mimi nilirudi nyumbani nikapika. Mume wangu akaniuliza, "Mlikuwa na vurugu?" Nikasema, "Kidogo." Tukala.

Sasa nawaambia jinsi mtu anavyoanguka. Nilidhani kuanguka ni siku ile. Kumbe siku ile niliteleza tu, kuanguka kulikuja baadaye, polepole, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha kushonea. Wiki ya kwanza nilisema nitaenda Jumatatu niwaambie kamati. Jumatatu ikapita. Kamati ikamsimamisha Mwalimu kazi, ili kutuliza watu. Nikasema, wakimsimamisha kwa mwezi mmoja tu watu watasahau. Watu hawakusahau. Wazazi wakawatoa watoto wao kwenye mazoezi yake ya jioni, mmoja mmoja, mpaka ukumbi ukabaki na yeye na ule mfuko wa kupigia ngumi. Mtu akaandika kwa rangi kwenye mlango wake, MLA RUSHWA.

Na hili ndilo nililoogopa kuliko yote kulisema mbele yenu. Mteja mmoja alikuja kibandani kupokea gauni, akaanza kumzungumzia. "Yule mzee aliyemwibia msichana wa Mathare, si ulikuwa ukimjua? Hata wewe ulishangaa?" Ningeweza kunyamaza tu. Badala yake nikasema, "Watu hubadilika."

Nilisema hivyo kwa mdomo huu. Mteja akatikisa kichwa, akachukua gauni lake akaenda. Mimi nikabaki nimeshika mkasi, nikijiuliza nani amesema maneno hayo.

Baada ya hapo nikaacha ujaji. Niliwaambia macho yamechoka. Nikaacha kwenda kanisani, nikaacha kuja hapa kwenu, mkumbuke nilipotea karibu mwaka mzima mkadhani nimehama. Nilikuwa nikimwona Mwalimu barabarani navuka upande wa pili. Usingizi uliniisha, hamu ya chakula ikaniisha, nikaanza kushona kombo hata wateja wakarudisha nguo. Jirani yangu wa kibanda, yule dada anayeuza vitambaa na madera, aliniuliza mara nyingi, "Dada, una nini?" Nikamwambia presha. Akaniletea dawa za mitishamba za presha. Nikanywa dawa za ugonjwa nisiokuwa nao, kwa sababu ya uongo niliokuwa nao.

Miezi kumi na minne ilipita.

Asubuhi moja, mimi nimeinamia mashine, nikasikia mtu amebisha kwenye bati. "Hodi, fundi." Sikuhitaji kuinua uso. Ni Mwalimu. Amesimama na mfuko wa karatasi.

"Karibu, Mwalimu," nikasema. Sijui hata sauti nilitoa wapi.

"Nina suruali mbili. Nataka unipunguzie kiuno."

Hakusema kingine. Nikachukua tepu, nikamzungushia. Nilikuwa nimewahi kumshonea suruali za urefa miaka ya nyuma, na vipimo vya wateja wangu wa zamani vimo kwenye daftari na kichwani. Kiuno cha Mwalimu kilikuwa inchi thelathini na sita. Tepu ikafungana thelathini na moja. Nikadhani nimeshika vibaya, nikapima tena. Thelathini na moja. Inchi tano za mtu, ndugu zangu, zimekwenda. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, mikono yangu imemzunguka kama mtoto amkumbatiaye baba yake, na sikuweza kusimama.

"Umepata?" akaniuliza.

"Nimepata."

"Ni ngapi?"

Nikasema, "Nitakuletea nyumbani Alhamisi." Akaenda.

Jirani yangu wa vitambaa alikuwa amesimama mlangoni ameona yote. Akaja akaketi chini kando yangu, kwenye vipande vya nguo, na dera lake zuri vile. Akasema, "Hii si presha." Nikamwambia. Kila kitu, kuanzia simu mpaka "watu hubadilika." Nilidhani atanyanyuka aondoke. Alishika kichwa chake kwa mikono miwili akasema, "Ya Rabi." Halafu akasema, "Alhamisi tutaenda pamoja. Mimi nitabaki nje. Lakini utaingia."

Alhamisi tukaenda, mchana. Nikauona ule mlango. Walijaribu kuufuta kwa mafuta ya taa lakini herufi bado zilisomeka. Jirani yangu akaketi kwenye ngazi. Nikaingia, nikampa suruali, na kabla hajaniambia nikae nikasema, "Mwalimu, ni mimi. Siku ile. Ni mimi niliyeandika kona isiyo yenyewe."

Hakushtuka. Alizikunja zile suruali vizuri akaziweka kwenye kochi. Akasema, "Najua."

Mimi niliyekwenda kumshtua ndiye niliyeshtuka. "Unajua?"

"Karatasi nilizikusanya mimi. Nilisoma yako raundi ya kwanza, nikasema huyu ameona nini? Raundi ya pili nikasoma tena. Mimi ndiye niliyekufundisha, naweza kusema utaandika nini kabla hujaandika. Na ulipoishikilia ile karatasi, nikakuona uso."

"Mbona hukusema, Mwalimu? Wamekutukana mwaka mzima!"

Akaketi. Akasema polepole, "Nilidhani umeuza. Nilidhani wamekupa kitu. Na nikaona aibu, kwa sababu ni mimi niliyekuleta. Ningesimama niseme nini, kwamba mwanafunzi wangu ni mwizi? Refa hana ruhusa kuzungumza juu ya karatasi ya jaji. Nikanyamaza. Nilingoja uje uniambie ulilipwa na nani."

Ndugu zangu! Mji mzima ulidhani yeye amehongwa, na yeye mwenyewe, chumbani mwake, peke yake, alikuwa anadhani ni mimi. Nikamwambia, "Mwalimu, hakuna aliyenilipa. Nilikuwa kwa simu. Sikusikia tangazo la fulana."

"Simu?"

"Simu. Nilikuwa namjibu mteja wa sare."

Alinitazama mpaka nikatamani anipige. Akasema, "Mwaka mzima nimekula matusi ya simu." Akacheka, kicheko kibaya, kikavu, kikamgeukia kikohozi. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Akaniinua kwa mkono mmoja, na alikuwa na hasira, msidhani alikuwa malaika. Akaniambia maneno haya, na ndiyo yaliyonifanya nisimame mbele yenu leo.

"Usiniombe msamaha hapa chumbani. Mimi sikutukanwa chumbani."

Nilitoka nje. Jirani yangu akaniuliza, "Amekusamehe?" Nikasema, "Bado. Lakini amenionyesha njia."

Nilijua kuna mtu ambaye haifai asikie habari hii katikati ya watu. Kwa hiyo kesho yake, mimi na jirani yangu tukashuka Mathare kumtafuta yule binti. Tulimkuta karibu na mto, amekalia mtungi wa maji uliolazwa, anafua. Alikuwa ameacha ndondi. Nilipojitambulisha kuwa nilikuwa jaji siku ile, akaendelea kufua.

"Sema tu, mathe. Nina nguo mingi."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno machache maana nilikuwa nimejifunza kwamba maneno mengi ni kujitetea. Mikono yake ikasimama ndani ya povu.

"Ati? Ngoja. Kumbe nilishinda?"

"Ulishinda."

"Zi, hapana, mathe, ngoja kwanza. Mimi ndio nilishinda?"

"Ulishinda, mwanangu. Raundi zote tatu."

Akauliza mara ya tatu, na mara hii hakuwa ananiuliza mimi. Kisha akasema jambo ambalo lilinikata. "Unajua mwanzo nilikuwa najua nimeibiwa. Halafu nikawatch hiyo video mara mob sana, watu wakiandika huko chini ati sikuwa nimeweza. Nikaanza kuona kama ni ukweli. Nikajiambia mimi ni fala tu, nirudi kwa nguo. Na yule budah sasa... yule budah hakufanya kitu?"

"Hakufanya kitu."

Akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Hatukubisha. Jirani yangu akaziosha zile nguo mbili zilizobaki kwenye beseni, akazianika, tukaondoka.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mashindano kwenye ukumbi uleule. Nilienda kwa kamati saa tatu asubuhi na kuwaeleza. Ofisa mmoja akaniambia, "Mama, jambo hili lilikwisha. Muda wa rufaa ulipita siku ileile, matokeo hayabadiliki. Kwa nini ufukue?" Nikamwambia sikuja kubadilisha matokeo. Akasema watafikiria. Nikajua maana ya kufikiria. Basi mapumziko ya mchana yalipofika, na watu wamejaa, nikapanda hadi meza ya mtangazaji na kumwomba kipaza sauti. Kijana wa watu akadhani nataka kutangaza mtoto aliyepotea. Akanipa.

Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka nilianza na jina langu na nambari ya kiti nilichokalia siku ile. Nikasema, "Pambano la binti wa Mathare, ni mimi. Refa hakula kitu cha mtu. Refa hata hatoi alama. Mimi nilikuwa kwa simu, nikaandika kona isiyo yenyewe mara mbili, nikajua, nikanyamaza. Yule mliyemwita mwizi ni mtu safi. Mwizi ni huyu."

Unyamavu ule wa mwaka juzi ukarudi. Watu walikuwa wameshika chakula mkononi hawali. Kisha mama mmoja kule nyuma akapiga yowe, "Shetani wewe!" na chupa ya maji ikanipita kando ya kichwa. Nyingine ikanipata begani. Jirani yangu, niliyekuja naye, akapanda akasimama upande huo zilikokuwa zinatokea. Sikumwomba. Alipanda tu, na dera lake likalowa.

Mwalimu alikuwa ameketi mstari wa mwisho karibu na mlango, nilikuwa nimemtumia ujumbe aje. Watu walianza kugeuka kumtazama. Hakuna aliyejua afanye nini. Watu mia kadhaa wameduwaa, kila mmoja akikumbuka alichoandika kwenye simu yake. Ndipo nikaona mtu anapenya katikati ya viti, amevaa nguo za kazi, mikono bado ina weupe wa sabuni. Ni yule binti, sijui nani alimwambia. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka mstari wa mwisho, akasimama mbele ya mzee, akasema kwa sauti ambayo hata bila kipaza sauti tuliisikia:

"Mwalimu, mimi ndio wa kwanza kukuita mwizi. Nilikuita mbele ya hawa watu. Nisamehe mbele yao."

Mwalimu alijaribu kusimama, akashikilia kiti. Binti akamshika mkono ili asimame. Kisha, sijui kama alifikiria ama mkono ulijiendea wenyewe, akauinua ule mkono wa mzee juu, vile refa huinua mkono wa mshindi. Ukumbi mzima ukasimama. Mimi nikaketi kwenye sakafu ya jukwaa nikalia mpaka nikamaliza.

Sitawadanganya kwamba yote yalinyooka. Matokeo hayakubadilishwa, na yule binti hakupewa safari aliyoikosa. Mimi nilifutwa kwenye orodha ya majaji, na ni haki. Wateja kadhaa walinihama, na wengine bado wakipita huongea kwa sauti ili nisikie. Mwalimu alirudishiwa kazi kwa barua yenye mistari mitatu. Watoto wamerudi kwenye mazoezi yake, si wote. Mlango wake tuliupaka rangi mpya, mimi na mume wangu, ambaye alikasirika nami wiki mbili kwa sababu alijua pamoja na ukumbi mzima. Binti wa Mathare alirudi ulingoni baada ya miezi mitano. Pambano la kwanza alishindwa, na alishindwa kweli, akacheka akatoka. La pili alishinda. Mimi na yeye hatujawa marafiki. Tukikutana ananiambia, "Niaje, mathe," anapita. Hiyo salamu naipokea kama chakula.

Na Mwalimu? Alikuja kibandani majuzi. Akaniambia, "Sasa nimekusamehe. Siku ile sikuwa nimekusamehe, nilikuwa nimefurahi tu." Akaketi, tukanywa chai.

Namshukuru yeye kwa kutonipa msamaha wa bei nafuu. Namshukuru binti, ambaye alikuwa na kila sababu ya kufunga mlango na akaufungua. Namshukuru mume wangu. Namshukuru jirani yangu, ameketi hapo amejifunika uso kwa mtandio akidhani sitamsema. Dada, wewe hukunihukumu na hukunitetea, ulinisindikiza tu. Nawashukuru nyinyi mlioniacha nirudi kwenye kikundi bila kuniuliza nilikuwa wapi.

Ninachowaachia ni kidogo. Kosa langu lilichukua dakika moja. Kulificha kulikuwa kazi ya kila siku kwa miezi kumi na minne, na aliyelipia hakuwa mimi. Kama kuna mtu hapa ambaye jina la mwenzake limechafuka kwa ajili yake, ninamsihi. Ukimwangusha mtu mbele ya watu, usiende kumwinua jikoni kwake. Jikoni atakuitikia, atakupa chai, na ukitoka nje bado yuko chini. Mwinue palepale alipoangukia.